Kambi ya Rieucros, semina ya Jumanne

Matokeo ya mtihani wa taifa yakishatoka, kila mtaa wa Bujumbura hutafuta kichwa chake. Kibenga hatubaki nyuma. Jina la mtoto aliyeng'ara katika hesabu litatajwa dukani, kanisani, msikitini, hata kwenye foleni ya mafuta, na kabla wiki haijaisha wazazi wenye uwezo, ambao huku kwetu kando ya ziwa si haba, watakuwa wamemtafutia wa kwao mwalimu wa nyumbani ili mwaka ujao naye atajwe. Mtoto atafungiwa chumbani na daftari zake. Wadogo zake watakatazwa kupiga kelele. Wenzake wakija kumwita wataambiwa anasoma, kana kwamba kusoma na kukaa na wenzake ni mambo mawili yasiyopatana.

Sina ugomvi na walimu wa nyumbani. Wanakula jasho lao. Ugomvi wangu ni na imani iliyojificha nyuma ya mlango huo: kwamba hesabu ni kipaji cha mtu mmoja, huzaliwa nacho, hukaa nacho peke yake, na kazi yetu sisi wengine ni kumpisha.

Anayetaka kuitetea imani hiyo anaye shahidi mmoja mzito. Anaitwa Alexander Grothendieck, na wengi katika fani humhesabu kuwa mtaalamu wa aljebra mkubwa kuliko wote waliofanya kazi Ufaransa katika karne ya 20. Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 63, alikwenda kuishi Lasserre, kijiji kidogo chini ya milima ya Pyrenees, akawa hataki wageni, akaandika huko maelfu ya kurasa kwa ajili yake mwenyewe, hadi alipofariki katika mji wa jirani wa Saint-Girons tarehe 13 Novemba 2014. Mzee mwenye ndevu aliyeikimbia dunia: hiyo ndiyo picha yake wanayoipenda magazeti. Inauzika. Tatizo lake ni kwamba yale yaliyoibadili hesabu hakuyafanya Lasserre. Aliyafanya katika miaka ambayo alikuwa amezungukwa na watu, na aliwafikia watu hao kwa sababu wengine, ambao hawakuwa na deni lolote kwake, walimfungulia njia mmoja baada ya mwingine. Sehemu ya kwanza ya njia hiyo inapita ndani ya kambi, na habari za kambi sisi Warundi hatuhitaji kusimuliwa na mgeni.

Alizaliwa Berlin tarehe 28 Machi 1928. Baba yake, Alexander Schapiro, alikuwa Myahudi kutoka iliyokuwa dola ya Urusi, mwanaharakati asiyetambua serikali ya aina yoyote, na mkono mmoja alikuwa ameupoteza. Mama yake, Hanka Grothendieck, alikuwa Mjerumani wa Hamburg aliyetamani kuwa mwandishi. Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933 baba alikimbilia Paris, mama akamfuata, na mtoto akaachwa Hamburg kwa mchungaji wa zamani aitwaye Wilhelm Heydorn na mkewe. Huko alikaa miaka mitano. Mwaka 1939 nyumba hiyo haikuweza tena kumficha mtoto wa Myahudi, wakampandisha treni kwenda Ufaransa. Alikuwa na miaka 11 na hakuwa na uraia wa nchi yoyote.

Vita vilipoanza, Ufaransa iliwakusanya wageni iliowashuku. Schapiro alipelekwa kambi ya Le Vernet. Mwaka 1940 Hanka na mwanawe walipelekwa Rieucros, karibu na mji wa Mende, kwenye kambi ya wanawake. Watu waliomkimbia Hitler walifungiwa kwa kuhofiwa kuwa ni watu wa Hitler. Anayejua namna mkimbizi anavyotazamwa siku ya kwanza upande wa pili wa mpaka hatashangaa. Schapiro alikabidhiwa kwa Wajerumani mwaka 1942, akauawa Auschwitz. Hanka alitoka kambini na kifua kikuu, na kifua hicho kilimuua mwaka 1957.

Sasa angalia kilichotokea kwa mtoto. Mende kulikuwa na lisee. Kutoka kambini ni mwendo wa kilomita nne au tano, na yeye, mkubwa kuliko watoto wengine wa kambi, aliruhusiwa kwenda kusoma. Alikwenda katika theluji na upepo, viatu vya kuungaunga vimelowa. Nani aliyetoa ruhusa? Nani katika lisee hiyo alikubali kumwandika mtoto wa wafungwa, Mjerumani kwa lugha, asiye na karatasi ya maana? Historia haikuwatunza kwa majina, na kwangu hao ndio watu wa kwanza wakubwa katika habari hii.

Kambini kwenyewe kulikuwa na mfungwa mwenzao, msichana aitwaye Maria, aliyemfundisha hesabu. Ni yeye aliyempa maana ya duara: mkusanyiko wa nukta zote zilizo umbali mmoja kutoka nukta moja. Grothendieck alisimulia baadaye, akiwa mtu mzima mwenye sifa zote, jinsi alivyostaajabu kwamba ule uviringo kamili, ambao hadi siku hiyo aliuona kama fumbo, ungeweza kushikwa kwa maneno machache ya kawaida. Tulishike duara hilo; tutalihitaji.

Kutoka hapo alipelekwa Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha Waprotestanti milimani ambacho, chini ya mchungaji André Trocmé na wenzake, kiliwaficha maelfu ya wakimbizi, wengi wao Wayahudi. Aliishi katika nyumba ya watoto wakimbizi na kusoma katika shule ya sekondari iliyoanzishwa hapo, Collège Cévenol. Polisi walipokuja msako, watoto walitawanyika msituni usiku mmoja au mbili, kisha wakarudi darasani. Hapo ndipo alipopata bakaloria yake.

Nikisoma habari hii nikiwa Bujumbura, akili yangu haikai Ufaransa. Inakwenda Katumba, Mishamo na Ulyankulu, yale makazi ya magharibi mwa Tanzania walikohamishiwa ndugu zetu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Tanzania iliwapa uraia takriban watu 162,000 wa kundi hilo na watoto wao, na hati zenyewe zikaanza kutolewa mwaka 2014: zaidi ya miaka 40 baada ya kuvuka mpaka. Wengine, zaidi ya 50,000, walirudi Burundi kuanzia mwaka 2008, na watoto wao, waliosoma kwa Kiswahili na Kiingereza, wakajikuta wamekaa mbele ya mwalimu anayefundisha kwa Kifaransa. Mtoto aliyekuwa akitatua milinganyo kule Katumba aligeuka mjinga hapa kwa sababu ya lugha ya swali. Kisha kuna upande wa pili wa mizani: Februari 2025 makumi ya maelfu ya Wakongomani walivuka Rusizi kutoka Kivu Kusini, wengine wakiogelea, wakapokelewa uwanjani Rugombo, na wengi wakapelekwa Musenyi, Rutana. Safari hii wenye lisee ya Mende ni sisi.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi tuwasomeshe watoto wa kambi kwa sababu mmoja wao huenda akawa Grothendieck. Hoja hiyo husikika sana kwenye hotuba za mashirika na siipendi hata kidogo, maana inamfanya mtoto wa kawaida, yule atakayekuwa fundi au muuguzi, aonekane hasara. Anastahili shule kwa kuwa ni mtoto, basi. Ninachosema kuhusu Grothendieck ni kitu kingine: hata akili kama ile, ambayo inazaliwa mara moja moja, ilihitaji mlango wa kawaida kabisa, wa shule ya kawaida, uliofunguliwa na mtu wa kawaida.

Na ilihitaji zaidi ya hapo, kama inavyoonyeshwa na miaka ya Montpellier. Baada ya vita, kuanzia 1945 hadi 1948, yeye na mama yake waliishi kijiji cha nje ya mji huo kwa ufadhili mdogo wa masomo na vibarua vya kuchuma zabibu. Chuo kikuu kilimchosha. Swali lake lilikuwa moja: urefu, eneo na ujazo ni nini hasa? Vitabu vilitoa kanuni za kuhesabia bila kueleza kinachohesabiwa. Mwalimu mmoja alimwambia kwamba maswali ya mwisho ya hesabu yalikwisha kutatuliwa na mtu aitwaye Lebesgue. Kijana akafanya kazi peke yake kwa miaka mitatu, akajenga nadharia nzima ya vipimo. Alipofika Paris akagundua kwamba alichojenga ndicho hasa Henri Lebesgue alichokichapisha tangu mwaka 1902.

Wanaohubiri upweke hulipenda tukio hili, na mhubiri wa kwanza ni Grothendieck mwenyewe. Katika *Récoltes et semailles*, kitabu kinene alichokiandika kati ya 1983 na 1986 na ambacho Gallimard walikichapisha mwaka 2022, anasema kwamba miaka hiyo ilimfunza jambo ambalo hakuna mwalimu angeweza kumfunza: kuwa peke yake. Mimi ni nani wa kubishana naye? Lakini nabishana. Akili ya kiwango kile ilitumia miaka mitatu kufika mahali palipokuwa na njia ya lami kwa zaidi ya miaka 40. Yeye alimudu kuilipa gharama hiyo, akabaki na ujasiri. Mwingine angegundua kwamba amechelewa nusu karne na kuiacha hesabu kabisa. Nina hakika wako wengi walioiacha hivyo, na hao hawaandiki vitabu vya kusifu upweke.

Kilichofuata ndicho hasa ninachotaka wazazi wa Kibenga wakitazame. Mwaka 1948 alifika Paris na kuingia katika semina ya Henri Cartan. Wenzake walikuwa wamesoma shule kubwa kubwa. Yeye alikuwa hajui hata majina ya vitu wanavyozungumzia. Akashauriwa kwenda Nancy kwa Jean Dieudonné na Laurent Schwartz. Wawili hao walikuwa wamemaliza makala yao kwa orodha ya maswali 14 waliyoshindwa kuyajibu. Wakampa. Fikiria heshima iliyomo katika tendo hilo: mabingwa wawili wanamwonyesha kijana wa miaka 21, mtoto wa kambi, mahali hasa walipokwama. Hawakumpa zoezi ambalo jibu lake wanalo mfukoni. Katika muda mfupi maswali yale yakawa yamejibika, na mwaka 1953 alikuwa na shahada yake ya udaktari.

Alikuwa nayo, ila hakuwa na nchi. Nafasi za kudumu katika vyuo vya serikali ya Ufaransa zilihitaji uraia, na uraia hakuutaka kwa kuwa ungemwingiza jeshini, naye alikuwa ameona vita vya kutosha. Alitembea na hati za mtu asiye na taifa hadi mwaka 1971. Ndiyo maana alikwenda kufundisha São Paulo, kisha Kansas. Kilichomrudisha Ufaransa kikamilifu ni taasisi binafsi ya utafiti: IHES, iliyoanzishwa mwaka 1958 na Léon Motchane, mfanyabiashara mpenda hesabu, mzaliwa wa Urusi. Motchane alimtaka Dieudonné awe profesa wa kwanza. Dieudonné, ambaye alikuwa na jina kubwa tayari, alikubali kwa sharti kwamba Grothendieck aajiriwe pamoja naye. Tena akajigeuza mwandishi wa kijana yule: kazi kubwa ya kuandika *Éléments de géométrie algébrique*, iliyoanza kutoka mwaka 1960 na kupita kurasa 1,500, ilifanywa kwa mkono wa Dieudonné akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, akiamka alfajiri kupanga mawazo ya mtu aliyekuwa mwanafunzi wake. Ninamvulia kofia Dieudonné kuliko mtu mwingine yeyote katika habari hii. Sijui maprofesa wangapi, wa kwetu au wa kwingine, wangekubali kazi hiyo.

Kisha Jumanne. Kwa miaka kumi hivi, kuanzia 1960 hadi 1969, semina yake ya Bois-Marie, ya hapo IHES, ilikutana kila wiki, na Jumanne ndiyo ilikuwa siku yake. Grothendieck alisimama ubaoni kwa saa nyingi. Vijana waliomzunguka, akina Jean-Louis Verdier, Luc Illusie, Michel Raynaud, Pierre Deligne, walipewa kila mmoja sehemu ya jengo: wewe andika hiki, wewe thibitisha kile. Rasimu walizopeleka zilirudi zimejaa masahihisho yake kiasi cha kuandikwa upya. Nje ya semina kulikuwa na Jean-Pierre Serre, mwenzake wa karibu kifikra, na barua zao za miaka ile zimechapishwa kitabu. Serre anauliza, Grothendieck anajenga. Serre anatilia shaka, Grothendieck anabomoa na kuanza tena. Ukizisoma huoni mtawa. Unaona watu wawili wenye njaa ya kuzungumza.

Walikuwa wakijenga nini? Nitajaribu kueleza, na asiyependa namba aruke aya mbili, hatutaulizana.

Chukua mlinganyo ambao kila mwanafunzi wa lisee anaujua: x² + y² = 1. Ukiuchora kwenye karatasi unapata duara, lile lile la Maria. Sasa weka karatasi pembeni, uhesabu kama siku za juma, ambako ukifika 7 unarudi mwanzo: 8 ni sawa na 1, 9 ni sawa na 2. Katika hesabu hiyo yenye namba saba tu, ni jozi ngapi za x na y zinazoutimiza mlinganyo wetu? Jaribu x = 2 na y = 2: 4 jumlisha 4 ni 8, yaani 1. Imekubali. Ukizipitia jozi zote 49, zitakazokubali ni 8. Badala ya 7 tumia 11, utapata 12. Tumia 5, utapata 4. Tumia 13, utapata 12. Ukiiacha 2, kila namba tasa utakayoijaribu itakupa majibu ambayo idadi yake ni namba hiyo hiyo ikiongezwa 1 au ikipunguzwa 1. Haitayumba hata mara moja.

Mwaka 1949 André Weil alidai kwamba huu si utaratibu wa duara pekee. Hata kwa milinganyo migumu sana, alisema, idadi ya majibu katika hesabu za namna hii inafuata sheria, na sheria hiyo inatokana na umbo la mchoro, hadi idadi ya matundu yaliyomo ndani yake. Ni dai la ajabu: namba chache zinazozunguka kama siku za juma zingejuaje kwamba mahali fulani kuna mchoro wenye tundu? Hakukuwa na chombo cha kuliunganisha hili na lile. Grothendieck, badala ya kulishambulia dai lenyewe, alianza kujenga upya maana ya umbo, ili duara la karatasini na duara la siku za juma yawe sura mbili za kitu kimoja. Kitu hicho alikiita skimu. Yeye mwenyewe alifananisha njia yake na bahari inayopanda taratibu hadi jabali linazingirwa bila nyundo kugusa kitu. Sisi wa Kibenga tuliokuwa tukilitazama Ziwa Tanganyika likipanda katika miaka hii, kimya, sentimita kwa sentimita, hadi siku moja uzio wa jirani uko majini, tunalielewa hilo bila kuwa na shahada. Deligne, mwanafunzi wake, ndiye aliyemalizia sehemu ya mwisho na ngumu kuliko zote ya dai la Weil, na akaichapisha mwaka 1974.

Mwaka 1966 Grothendieck alitunukiwa Nishani ya Fields, iliyotolewa mwaka huo Moscow. Hakwenda, kwa kupinga yale ambayo utawala wa Kisovieti ulikuwa ukiwafanyia watu wake. Novemba 1967, wakati mabomu ya Marekani yakiangukia Vietnam Kaskazini, alikwenda Hanoi kufundisha. Masomo yalikuwa yamehamishwa kutoka mjini hadi vijijini, vyumba vya majani na udongo, na mihadhara ilikatizwa kwa ving'ora. Aliporudi aliandika ripoti akieleza kwamba mahali pale, chini ya mabomu, paliishi jumuiya ya hesabu iliyo hai. Waziri wa elimu ya juu, Tạ Quang Bửu, alikuwa mwenyewe mtu wa hesabu na alihudhuria.

Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mwalimu aitwaye Hoàng Xuân Sính, aliyezaliwa mwaka 1933, aliyesoma Ufaransa na kurudi kwao mwaka 1960 ilhali angeweza kubaki. Grothendieck alimpa mada ya udaktari. Kutoka hapo msimamizi alikuwa Ufaransa na mwanafunzi alikuwa Vietnam, na kati yao kulikuwa na barua chache tu. Mchana Sính alifundisha, usiku aliandika kwa taa ya mafuta. Tasnifu aliyoitetea Paris mwaka 1975 ilikuwa imeandikwa kwa mkono, na watu wa fani wanaendelea kuirejea hadi leo. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Vietnam kuwa profesa wa hesabu, na mwaka 1988 alikuwa kiongozi wa kundi lililoanzisha Thăng Long, chuo kikuu cha kwanza kisicho cha serikali nchini humo.

Mtu akiniambia kwamba Burundi ni maskini mno kwa mambo haya, huyu mama ndiye jibu langu. Simtumii kuwaambia walimu wetu wavumilie taa za mafuta; mshahara wa mwalimu ni suala la mshahara, na hadithi za kishujaa zisilipwe badala yake. Namtumia kuonyesha kwamba kilichombeba ni kitu cha bei nafuu kuliko jengo: mtu mmoja aliyempa swali la kweli, na wenzake wa Hanoi waliokuwa na desturi ya kukutana hata king'ora kikilia.

Yaliyobaki ya maisha ya Grothendieck nayapitia haraka. Mwaka 1970 aliondoka IHES baada ya kugundua kwamba sehemu ya fedha zake zilitoka wizara ya ulinzi. Alianzisha kundi la kupinga silaha na uharibifu wa mazingira, akapoteza marafiki wengi na nguvu nyingi, akarudi Montpellier kufundisha hadi alipostaafu mwaka 1988, mwaka ambao pia alikataa Tuzo ya Crafoord aliyopewa pamoja na Deligne. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alifikishwa mahakamani kwa kumpa hifadhi mtawa wa Kibuddha kutoka Japani ambaye karatasi zake zilikwisha muda. Mtoto wa Le Chambon hakuwa amesahau. Kisha akaandika kurasa na kurasa akiwatuhumu wanafunzi wake kwamba wameuzika urithi wake. Sehemu hizo zinachosha, na nyingine si za haki. Mtu aliyejengwa na wenzake namna ile, alipowakosa alianza kuwaona kama maadui.

Turudi nyumbani. Chuo Kikuu cha Burundi kilianza mwaka 1964, na si kweli kwamba hakijatoa watu: Juma Shabani, mtu wa hesabu na fizikia, alitoka hapo hadi uongozi wa UNESCO na akarudi kusimamia masomo ya udaktari. Jirani, Kigali, kuna tawi la AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, tangu 2016, na tangu 2018 taasisi ya Afrika Mashariki iliyo chini ya ICTP, kile kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoanzishwa Trieste na Abdus Salam. Ni safari ya basi ya siku moja, au ilikuwa, kwani Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Sababu za kisiasa ninazijua kama wewe. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa Mutanga, kampasi ya chuo kikuu chetu, anayetaka kusikiliza mhadhara wa aljebra ameongezewa kilomita ambazo hazimo katika mlinganyo wowote.

Hilo si langu wala lako kuliamua. Lakini semina ya kila wiki Mutanga, ya siku na saa isiyobadilika, ambayo mwanafunzi wa lisee anaruhusiwa kuingia na kukaa nyuma bila kuulizwa kitambulisho, hiyo haingoji mpaka wowote. Vivyo hivyo mtihani wa hesabu kwa mtoto aliyerudi kutoka Tanzania au aliyekimbia kutoka Uvira: swali la mlinganyo linaweza kuandikwa kwa Kiswahili na lisipoteze kitu, maana Kiswahili tunakifundisha wenyewe shuleni tangu tulipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na kule Musenyi, anayemaliza darasa apewe cheti ambacho lisee yoyote ya nchi itakitambua. Najua nitaambiwa kwamba wale watu wanahitaji turubai na maharagwe kwanza. Rieucros nako kulikuwa na njaa na baridi, na bado kuna mtu aliyesaini karatasi ya mtoto kwenda Mende.

Kuhusu Kibenga, pendekezo langu ni dogo hadi naona haya kuliandika. Barabara yetu moja ina familia tano zinazolipa walimu watano kuketi na watoto watano katika vyumba vitano. Wachague mwalimu mmoja, yule ambaye haoni aibu kusema "hapa hata mimi nimekwama". Wanunue ubao, wauweke sebuleni kwa mmoja wao kila Jumamosi, watoto wote wakae hapo wabishane kwa sauti. Fedha itakayobaki ni mishahara ya walimu wanne: impeleke mmoja wao akafundishe kule mtaa wa Kanyosha. Na mtoto wa zamu, yaani mlinzi wa nyumba, ambaye sasa hivi anafanyia mazoezi yake kwenye kibaraza cha getini, aingie ndani na wenzake.